Kopo Chini ya Kabureta

Fundi alikaa ukingoni mwa kiti, mikono ameibana katikati ya magoti, na kila mlango ulipogongwa huko koridoni mabega yake yaliruka. Alikuwa fundi wa injini za boti, mtu mzima mwenye wajukuu. Kule gatini walimwita Taratibu, kwa sababu hakuwahi kumaliza kazi siku aliyoahidi. Leo lakini alikuwa na haraka. Alitaka kalamu.

"Andika tu, afande," alisema. "Andika nimemuua."

Inspekta hakuandika. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye tabia ya kutazama kitu mpaka kile kitu chenyewe kione aibu. Mbele yake mezani, juu ya gazeti kuukuu, palikuwa na vitu viwili vilivyotolewa kwenye boti iliyolipuka: kabureta, nyeusi tii kwa masizi, na kopo la bati lililosinyaa kwa moto, shingoni limebaki na kipande cha waya.

Boti ile ililipuka ikiwa bado imefungwa gatini, abiria wakiwa wamejibanza bandani kukwepa mvua. Nahodha alikuwa peke yake ndani. Aligeuza ufunguo, na waliokuwa bandani wakasema hawakusikia injini kuwaka. Walisikia tu, kama alivyoeleza mama mmoja, dunia ikipiga kofi. Nahodha akafa palepale.

Tajiri mwenye boti alikuwa na nyingine, pacha wake, injini aina ileile, nayo iliendeshwa na mdogo wa marehemu. Wakaguzi walikuwa wameiwasha, ikawaka vizuri, na wakubwa wakasaini irudi kazini leo mchana. Inspekta aliomba wangoje. Akaambiwa watu wa ng'ambo wamekwama, na mkosaji si yuko ndani tayari? Basi akaachwa na asubuhi moja na mkosaji wake.

Alimwambia fundi aanze mwanzo. Fundi akaanza. Boti zote mbili zilikuwa zinatoa moshi mweusi na kunywa petroli kama ngamia. Ugonjwa ulikuwa kwenye kabureta. Hapo njia ni mbili: unaifungua, unaiosha, unaitia vifaa vipya vya ndani, yaani gasketi, boya na sindano ya kuziba petroli, au unaing'oa unaweka mpya. Yeye alishauri mpya, kwa sababu ganda lenyewe lilikwisha kuliwa na chumvi, na maiti hata umvalishe suti hatembei. Tajiri akakataa. Fundi akafanya alivyoambiwa.

"Kwenye boti ya marehemu ile sindano mpya haikukaa vizuri," alisema, na sasa sauti ilikuwa imekwisha kabisa. "Nikarudisha ya zamani. Hata hii ya mdogo wake nilifanya hivyohivyo. Nilisema nitakuja kuibadilisha. Kesho, kesho. Ndiyo hiyo kesho yenyewe."

Tatizo ni kwamba Tajiri, katika maelezo yake, alisema kinyume. Alisema aliagiza kabureta mpya mbili, kwamba fundi ndiye aliyekarabati za zamani kwa siri, na akamalizia kwa kusema kikulacho ki nguoni mwako.

Inspekta aliinuka akaenda chumba cha pili.

Tajiri alikuwa amesimama dirishani, kitambaa mkononi, akijifuta shingo ingawa palikuwa na ubaridi. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuamrisha, lakini leo ile sauti ilikuwa inatoka kama maji ya bomba lililokatiwa, mara inakuja mara haiji. Inspekta hakumwomba akae. Alimwuliza jambo moja tu, kabureta za zamani ziko wapi.

Pale gatini palikuwa na desturi isiyoandikwa popote. Fundi akibadilisha kitu, kile kibovu humrudishia mwenye mali mkononi, ndipo aaminike. Hata plagi. Kila mwenye boti alikuwa na sanduku la vyuma vibovu nyumbani, havimsaidii kitu, ila hulala usingizi akijua havimo tena kwenye injini yake.

Tajiri alijibu kwamba alizitupa.

Zote mbili? Zote mbili. Wapi? Majini.

Inspekta alimtazama. Mtu huyu aliwahi kuonekana na nusu ya watu wa gatini akiokota misumari iliyopinda ili akainyooshe kwa nyundo. Yeye mwenyewe alijua kwamba Inspekta anajua. Kitambaa kikasimama shingoni.

"Mficha uchi hazai, mzee wangu," Inspekta alisema kwa upole. "Ungeagiza mpya, za zamani zingekuwa sandukuni kwako. Hazipo kwa sababu hazikung'olewa."

Tajiri akakaa bila kukaribishwa. Ndiyo, alisema, yeye ndiye aliyeamuru zikarabatiwe. Alipoona boti imeruka na kijana wa watu amekufa aliogopa. Aliogopa mama wa yule kijana, ambaye ni binamu yake. Aliogopa kupita barabarani. Akaona fundi ni mtu mkimya, atabeba.

Basi jambo moja lilikuwa limenyooka. Kabureta ilikuwa ileile ya zamani, imekarabatiwa, na sindano mbovu ndani yake. Mtu mwingine angefunga jalada. Inspekta alirudi mezani, akakaa mbele ya kile chuma cheusi, kwa sababu jibu lilikuwa limepatikana na halikutosha.

Alimwuliza fundi, polepole: sindano isipoziba, petroli inakwenda wapi?

Fundi alionyesha kwa kidole bila kugusa. Kile chumba cha boya kinajaa. Kikijaa, petroli inapanda kwenye vijibomba hivi viwili vya juu, na vijibomba vimepindwa kuelekea ndani, kwa hiyo inamwagikia kooni mwa kabureta yenyewe. Injini inalewa, inakohoa, haiwaki. Kabureta ya gari ikifurika humwaga nje, maana chini ni barabara na upepo unapeperusha. Chini ya injini ya boti kuna ngama, lile tumbo ambako maji machafu hujikusanya, na kikiingia kitu humo hakina pa kutokea.

"Kwa hiyo sindano yako mbovu ingeizimisha injini," Inspekta alisema.

"Ingeizimisha."

"Isingeichoma boti."

Fundi aliitazama kabureta upya. Kwa siku zote alizokaa rumande alikuwa ameshughulika na dhambi yake, hakupata nafasi ya kuifanyia hesabu.

Inspekta aliinua kabureta akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Vile vijibomba viwili vilitazama nje, kushoto na kulia, kama pembe za mbuzi. Tangu siku ya kwanza aliviona hivyo akadhani mlipuko ndio uliovipinda. Lakini mlipuko hupiga kutoka upande mmoja, hauna adabu ya kupinda pembe mbili kwa kipimo. Akasogeza macho. Kwenye kila kijibomba palikuwa na vimistari vidogo vilivyopangana, meno ya plaizi. Masizi yalikuwa yameingia ndani ya vile vimistari. Meno yalitangulia, moto ukafuata. Na kwenye ncha kulikuwa na kitu kilichoyeyuka kikaganda, raba, kama mabaki ya mpira mwembamba.

Akalichukua kopo. Hili wakaguzi walilipitia wakaandika kopo la kuchotea maji. Ila kopo la kuchotea waya wake huenda sikio hadi sikio, uwe mshikio. Waya huu ulizunguka shingo ukapanda juu upande mmoja, kama kitanzi cha kuning'iniza. Kwenye nati ya pembeni ya kabureta palikuwa na kipande cha waya huohuo, kimesokotwa kwa mkono uleule, mizunguko mitatu iliyobanana.

"Hiyo si kazi yangu," fundi alisema. Alikuwa amesogeza kiti nyuma. "Haki ya Mungu, afande, hiyo si kazi yangu. Ni nani kafanya hivyo?"

Alikuwa ni mtu aliyechoka na injini isiyowaka, Inspekta alimweleza. Kila asubuhi inalewa, fundi anasema kesho, abiria wanatukana. Mtu huyo alitazama ndani akaona petroli inamwagikia kooni, akasema moyoni, ala, kumbe inajinyonga yenyewe. Akapinda vijibomba nje, akavisha mipira, akaning'iniza kopo chini ili tone lisianguke kwenye ngama. Injini ikawaka kama mpya. Na petroli ikakaa imefunuliwa kwenye kopo, ikitoa mvuke wake chini ya kifuniko cha injini, siku baada ya siku. Kifuniko kikiwa wazi, upepo unauchukua. Siku ile ilinyesha, marehemu akakifunga, na cheche moja ya swichi ikatosha.

Kisha akauliza kile alichoogopa kuuliza. Manahodha waliacha lini kulalamika?

Fundi alikumbuka. Aliwaza kwamba pengine wamemkasirikia, hawataki tena kumwambia. "Waliacha pamoja," alisema. "Wote wawili. Wiki moja."

Juu ya bati la kituo tone moja lililia, likafuata jingine. Mvua ilikuwa inaanza.

Simu ya nahodha mdogo iliita mpaka ikakata yenyewe. Inspekta hakupiga tena. Alishuka kwenda gatini kwa mwendo wa mtu aliyekatazwa kukimbia, mkono kwenye ukuta pale penye utelezi, na kichwani mwake kulikuwa na picha moja tu, nayo ilikuwa mkono wa mtu na ufunguo.

Boti ilikuwa imejaa. Turubai la juu lilikuwa limeshushwa pande zote ila upande wa gati, na kile kifuniko cha injini, sanduku la mbao katikati ya boti, kilikuwa kimefungwa ili injini isiloe. Juu yake alikaa mwanamke mwenye mzigo wa vitambaa. Kwenye benchi la mbele alikaa mama mzazi wa nahodha, mwenye msiba mbichi, nguo yake nyeusi imeloa mabegani. Alikuja makusudi. Alikuwa amewaambia watu, mwanangu huyu akiendesha mimi nitapanda wa kwanza, mnione.

Na nahodha mdogo alikuwa usukani, mkono kwenye swichi.

Alimwona Inspekta na uso ukambadilika. Ni uso wa mtu anayesema moyoni, wamekuja kunizuia tena. Kati yao palikuwa na hatua chache za mbao zilizoloa. Harufu ya petroli ilikuja na upepo, tamu, nzito, ya chini. Akipiga kelele, mkono ule utakaza. Mtu aliyeshika kitu akishtuka hukaza. Akisema "polisi", kijana anaweza kuwasha aondoke.

Akanyoosha mikono yote miwili mbele, kama mzee.

"Nishike, mdogo wangu," alisema. "Gati linateleza, na viatu hivi vya serikali soli zilishakwenda likizo."

Kijana alisita. Abiria mmoja akacheka. Nahodha ni nahodha, hawezi kumwacha mwanamke aanguke mbele ya abiria wake na mbele ya mama yake. Akaachia ufunguo, akaja ukingoni, akampa mkono. Inspekta aliushika juu ya kifundo, akapanda, na hakuuachia.

"Ufunguo uko wapi?"

"Kwenye swichi."

"Ubaki hukohuko. Usiuguse, wala taa, wala kitu chochote chenye waya. Sasa tunashusha watu, wewe na mimi, tukitabasamu."

Kijana aliyachukua maneno hayo akayatazama, hakuyaelewa, lakini kile kiganja kilichomshika hakikulegea, na hicho alikielewa.

Walishusha watu. Walinung'unika, kama ilivyo haki ya abiria. Mmoja alisema kama wanataka kumkamata nahodha wangemkamatia ng'ambo, wangekuwa angalau wamefika. Mwenye mzigo wa vitambaa aliuliza nauli yake nani anarudisha. Mzee mmoja nyuma, kwa kuudhika, alikwisha kutia sigara mdomoni, na kidole gumba chake kilikuwa juu ya kiberiti cha gesi. Inspekta alikiona kile kidole. Hakuna kitu alichowahi kukiona wazi namna ile.

"Baba," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba. "Hiyo nakuomba ukaivutie bandani. Mimi kifua kinanisumbua."

Mzee alimkazia macho. Kisha akaitoa sigara mdomoni akaiweka nyuma ya sikio, akisema watoto wa siku hizi wote wagonjwa, akashuka.

Mama ndiye aliyeshuka mwisho. Alisimama pale ukingoni mwa gati na mvua ikimnyeshea, hakwenda bandani na wenzake.

Ndipo wakafungua kifuniko, wakakiinua polepole, kila mmoja kwa mkono uliobaki huru, kisigonge chuma. Mvuke uliwapiga machoni kabla hawajaona chochote. Walirudi nyuma wakakohoa, wakaacha upepo wa mvua uingie. Kisha Inspekta alichungulia. Vijibomba vilitazama nje. Mipira miwili myembamba ilishuka. Na kopo lilikuwa limejaa mpaka mdomoni, petroli imefura juu kama jicho, inateremka ubavuni ikidondokea kwenye giza la ngama.

"Nililimwaga alfajiri," kijana alisema haraka, kwa aibu ya mtu aliyekutwa na nyumba chafu. "Huwa nalimwaga kila siku, dada, tone halianguki. Leo niliiacha injini ingurume asubuhi nzima watu waone haina kasoro. Ndiyo maana limejaa. Lakini siku zote halimwagiki."

"Ni wewe uliyefunga?"

"Mimi. Fundi alishindwa kwa miezi, mimi nikaliona tatizo kwa siku moja." Kulikuwa na fahari kidogo pale, imechungulia tu. "Ilikuwa haiwaki, kaka anatukanwa kila asubuhi. Nikamfungia na yeye."

Inspekta alikuwa bado amemshika mkono.

"Yeye ndiye aliyenishikia tochi," kijana alisema. "Maana vijibomba vile vipo pabaya, huoni." Akatabasamu, kisha akaacha. Akalitazama kopo. Akautazama ule mvuke uliokuwa ukitetemesha hewa juu ya mbao. "Lakini halikumwagika, dada. La kwake nililifunga vizuri zaidi. Halikumwagika hata tone, si ndiyo?"

"Halikumwagika," Inspekta alisema. "Mvuke wa petroli ni mzito, mdogo wangu. Haupandi. Ulishuka wenyewe, ukangoja huko chini."

Kijana alikaa juu ya benchi. Hakulia. Alitazama viganja vyake, cha kulia na cha kushoto, kama mtu anayetafuta ni kipi.

Gatini mama alikuwa amesogea. Mvua haikuwa kubwa kiasi cha kuficha maneno. Alitazama huku na huku, bandani ambako watu walikuwa wamegeuza migongo, kwenye njia ya kupanda kituoni, kisha akainama kwa Inspekta, na Inspekta alimwona kwa mara ya kwanza akiogopa. Siku ya mazishi hakuogopa. Kwenye boti hii hakuogopa.

"Nani mwingine amesikia?" mama aliuliza kwa kunong'ona.

"Mama," Inspekta alisema.

"Nakuuliza, mwanangu. Nimezika mmoja. Nani mwingine amesikia?"

Ilikuwa ni rahisi kujibu, hakuna. Lile kopo lingeweza kuzama palepale, likatua kwenye tope bila kelele. Wakubwa walikwisha kusaini, jalada lilikuwa na jina, na mwenye jina alikuwa anaomba kalamu. Inspekta alimwacha mama aone kwamba hayo yote ameyafikiria.

"Fundi yuko ndani, mama," alisema. "Ana wajukuu. Anaamini ameua."

Maji yalimtiririka mama usoni, hakuyafuta. Kisha akanyoosha mkono ndani ya boti, akamkamata mwanawe juu ya kiwiko, kama anavyokamatwa mtoto wa kuvushwa barabara.

"Inuka," alimwambia. "Tunapanda kituoni." Akamgeukia Inspekta. "Mwachie mkono huo, mwanangu. Mimi ninaye huku."

Inspekta aliuachia. Vidole vyake vilikuwa vimeacha alama nne nyekundu kwenye kifundo cha mkono wa kijana, na walipanda kilima hivyo, mama mbele kidogo, mwanawe akifuata bila kuvutwa, na yeye nyuma yao, akitembea polepole makusudi ili wasifike mapema.